Umezama, Jaribu Tena

Siku za Jumamosi baraza ya mafundi cherehani pale Mbinga mjini huwa haina pa kuweka mguu. Cherehani nane zimepangwa ukutani, kila moja na mdundo wake, na mbele yake wanawake wamejaa na vitenge mikononi. Huyu anadai gauni la harusi ya kesho, yule anapimwa kiuno huku amebana pumzi. Katikati ya msongamano huo, Jumamosi moja ya mwezi Machi, alisimama kijana mrefu mwembamba, macho ameyafumba, hedifoni masikioni, na mkononi ameshika kijiti chenye kitu cha manyoya ya kijivu kwenye ncha.

"Kaka, umeziba mlango."

Kijana hakusogea. Sauti ile alikuwa ameisikia vizuri kuliko mtu yeyote pale barazani, maana ilipita kwenye kinasa sauti ikaingia moja kwa moja masikioni mwake, nzito kidogo, imetulia.

"Kaka! Wewe na huyo paka wako, sogeeni watu wapite."

Mafundi waliangua kicheko. Kijana akafumbua macho. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, nywele amesuka mistari, begani ana mfuko uliojaa vitambaa vyeupe vya sare za kwaya.

"Samahani, dada. Huyu si paka. Ni kipaza sauti, na hayo manyoya ni ya kuzuia upepo."

"Na unamrekodi nani? Maana hapa hakuna anayeimba."

"Cherehani."

"Cherehani!" Aliwageukia mafundi. "Jamani, mmekuwa wasanii na hamjaambiwa?"

Ndivyo walivyokutana. Jastini alikuwa amemaliza chuo Dar es Salaam miaka miwili nyuma, akarudi kwa mama yake Mbinga na kompyuta moja, hedifoni moja na kazi ambayo hakuna jirani aliyeielewa. Alitunga muziki wa gemu za kwenye simu. Mwenzake Nathanieli alibaki Dar akizitengeneza gemu zenyewe, naye Jastini alimtumia sauti kupitia mtandao. Msichana aliitwa Ottilia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, mzaliwa wa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

"Sauti yako imeingia kwenye kazi yangu," Jastini alimwambia. "Nifute au niache?"

"Imesema nini?"

"Imesema 'wewe na huyo paka wako.'"

Ottilia alicheka mpaka mfuko ukamteleza begani. "Iache," alisema.

*

Walianza na chai. Ottilia alipenda kusema kwamba Mbinga nzima inalima kahawa na Mbinga nzima inakunywa chai, na alisema hivyo kila mara walipokaa kwenye mgahawa mdogo karibu na stendi.

"Haya nieleze tena. Muziki wa gemu ndiyo ule wa ti-ti-ti?"

"Ulianzia huko." Jastini alikaa vizuri kwenye benchi. Jambo hili lilikuwa linamwasha. "Mjomba wangu aliniletea kile kidude cha kupanga matofali, unakikumbuka? Kina sauti moja tu, kama mluzi. Mashine za kwanza kabisa zilikuwa hivyo. Sasa fikiria wewe ni mtunzi, una mluzi mmoja, na unatakiwa mtu aone msitu, aone vita, aone harusi. Baadaye wakaongezewa zikawa sauti tatu, nne. Ungeipa kwaya yenu sauti tatu na hakuna kupumua, wangeweza?"

"Ya kwetu hata ikipumua haiwezi."

"Wale waliweza. Walizikimbiza noti haraka haraka, sikio likadanganyika likadhani ni watu wengi. Leo ni okestra nzima. Kuna nchi watu wanavaa suti, wanaingia ukumbini, wanakaa kimya saa mbili kusikiliza muziki wa gemu waliyocheza utotoni. Watu wazima, Ottilia. Wanalia."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu mtu akifungua gemu, kitu cha kwanza anazima sauti."

Alisema kwa utani, lakini Ottilia hakucheka. Alimsogezea sahani ya maandazi. "Mimi sitazima, Ti," alisema.

Jina likabaki hapo hapo. Kwenye simu yake alimwandika Ti, na alipopiga saa kumi jioni baada ya kutoka shuleni alianza hivyo hivyo. "Ti, umekula? Ti, leo umerekodi nini, milango? Ti, mbona sauti yako ndogo, umenikumbuka au una mafua?"

Siku moja alimuuliza ni kitu gani kigumu zaidi katika kazi yake.

"Mwisho," Jastini alijibu. "Wimbo wa kawaida unajua utaisha lini. Wa gemu haujui. Mchezaji anaweza kukaa mahali pamoja dakika moja au saa nzima. Kwa hiyo inabidi mwisho uushone na mwanzo, na mshono usionekane."

"Basi likizo twende nyumbani ukamsikie mama yangu akiimba," Ottilia alisema.

*

Walifika Lituhi mwezi Desemba, wakipitia Mbaha, miguu imekufa ganzi kwa safari. Mama Kunigunda aliwapokea na majani ya kufagilia mkononi, akiwa amejifunga kanga mbili, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu wa ti-ti-ti?"

Ottilia alijificha nyuma ya mlango akicheka.

Siku tatu walikaa vizuri. Jastini aliwageuza dagaa kwenye vichanja pamoja na Mama Kunigunda na dada yake, Mama Mdogo Veneranda, kiongozi wa kikundi cha kioda, ile ngoma ya wanawake wa ufukweni. Walimtania kwamba vidole vyake vilikuwa laini kama vya padri mpya. Siku ya nne asubuhi, wakiwa kwenye vichanja hivyo hivyo, Mama Kunigunda alianza kuimba taratibu, macho yake yakiwa kwenye dagaa.

Jastini alijua habari ya Augustino, kaka yake Ottilia. Miaka sita nyuma alitoka na wenzake wawili kuvua, dhoruba ikawakuta. Wenzake waliokolewa, na mtumbwi ukaonekana siku ya pili umepinduka kwenye mawe ya kusini. Augustino hakuonekana. Sasa alikuwa anausikia wimbo wake. Maneno yalikuwa ya Kinyasa, na Ottilia alimtafsiria kwa kunong'ona. *Agu wee, uji umepoa. Agu wee, mlango sijaufunga.* Sauti ilipanda, ikakaa juu kidogo kama mtu anayechungulia, ikashuka. Ilipofika chini ilikuwa tayari imeanza tena. Jastini alisikiliza akitafuta mahali ilipoungwa. Alisikiliza mara tano, mara kumi. Hakuupata mshono.

"Mama," alisema hatimaye, "wimbo huu unaishia wapi?"

"Hauishi. Wenzangu wanaimba mpaka maiti ifike, wakizika wanamaliza. Mimi wangu hakufika." Alikung'uta mikono. "Wanawake wa hapa siku hizi wanauimba kwenye kila msiba wa maji. Wanasema ni wa wote. Sawa."

Jastini aliomba kuurekodi. Mama akajifunga kanga upya kama anayekwenda kupigwa picha, akauliza, "Umewasha? Nianze?" Alipomaliza, Jastini aliomba jambo la pili. Aliomba autumie katika kazi yake.

"Watu wengi watausikia?"

"Wengi sana, mama. Nchi nzima. Hata nje."

Mama Kunigunda alitazama ziwani. "Basi labda na yeye atausikia," alisema. "Chukua."

*

Gemu ilitoka mwezi Mei. Iliitwa *Vuka Nyasa*. Unaongoza mtumbwi, unakwepa mawe na mawimbi, unajaribu kufika ng'ambo, na unapokwenda muziki unakwenda nawe. Maji yakitulia unasikia ala moja, dhoruba ikija zinaingia ngoma, na ukikaribia ufuko cherehani nane za Mbinga zinapiga mdundo kama wa ngoma ya mganda. Ilikuwa kazi nzuri. Jastini aliiona hivyo hata alipojaribu kutojisifu.

Wimbo wa Mama Kunigunda aliuweka mahali pamoja tu. Alifikiri wiki mbili. Katika gemu nzima mchezaji ana haraka, vidole vinakimbia, masikio hayana kazi. Ni wakati mmoja tu anapotulia, nao ni pale mtumbwi unapozama. Hapo skrini inakuwa nyeusi, vidole vinaacha kioo, mtu anabaki peke yake na sauti. Hapo ndipo pa heshima, Jastini alijiambia. Aliweka sekunde kumi na mbili za sauti ya mama, na chini yake nyuzi mbili tu. Chini ya skrini Nathanieli aliandika maneno ambayo kila gemu huwa nayo: *Umezama. Jaribu tena.*

"Umeuweka wapi?" Ottilia aliuliza kwenye simu.

"Mahali mchezaji anapotulia."

"Wapi hapo?"

"Utaona mwenyewe, mpenzi. Nataka ushangae."

Wiki mbili baadaye, kwenye chai, aliuliza tena. Safari hii Jastini alimjibu kwa kumshika mkono na kumuuliza kama nyumbani kwao wangekubali apeleke mshenga. Ottilia alisahau swali lake. Simu yake ilikuwa ya zamani, haikuweza kubeba gemu ile, na Jastini, kila alipoambiwa amwonyeshe kwenye ya kwake, alikuwa na sababu. Mwezi Julai mshenga alishuka Lituhi na barua ya posa. Mama Kunigunda aliipokea kwa vigelegele, akasema ukoo utakaa na kujibu baada ya mavuno ya mpunga.

Kisha ikatokea ile ajabu ambayo Jastini aliiota tangu chuo. Watu waliacha kuzima sauti. Pale stendi, bodaboda aliyepokonywa abiria na mwenzake aliimbiwa na kijiwe kizima ile *Agu wee* inayopanda, inayochungulia, inayoshuka. Timu ikifungwa goli, baa nzima iliimba. Mtu akiangusha sahani sokoni, akiteleza kwenye matope, akikataliwa na msichana, aliimbiwa, kisha sauti moja ikamalizia, "Jaribu tena!" na watu wakavunjika mbavu. Redio moja ya mkoani ilimwomba Jastini aje kuzungumza juu ya muziki wa gemu, na akapangiwa tarehe. Mama yake aliwaambia majirani. Jastini alipita mitaani akiusikia wimbo kila kona, na moyo wake ulimwenda mbio, nusu kwa furaha. Ile nusu ya pili hakutaka kuitazama.

Ottilia aliusikia Agosti, ofisi ya walimu, saa nne asubuhi. Mwalimu mwenzake alimwaga chai kwenye madaftari, na mwingine akaimba. Ottilia alidhani amekosea. Akaomba aoneshwe ulikotoka. Mwenzake akafungua simu, akauendesha mtumbwi kwenye jiwe makusudi, akamkabidhi.

Alimpigia Jastini akiwa amesimama nyuma ya madarasa.

"Umemzamisha kaka yangu."

"Otti…"

"Mama anamlilia mwanawe, chini yake imeandikwa jaribu tena. Augustino angejaribuje tena, Jastini?" Hakumwita Ti.

"Nisikilize. Ni mahali pekee watu wanaposikiliza. Nilitaka waguswe."

"Wanacheka."

"Hawajui maneno. Hawajui Kinyasa."

"Wewe ulikuwa unajua. Kwenye gemu mtu akifa anafufuka hapo hapo. Anakufa mara ishirini kabla chai haijapoa. Wimbo wa mtu asiyerudi umeuweka mahali ambapo kila mtu anarudi. Hilo hukuliona, wewe fundi?"

Jastini hakuwa ameliona. Miezi yote ile alisikiliza mshono.

"Utoe," Ottilia alisema.

"Nitautoa. Toleo lijalo."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao. Acha nimalize ile ya redio kwanza, halafu…"

Simu ilikatika, na haikuwa kwa sababu ya mtandao.

*

Kipindi cha redio Jastini hakukifanya. Siku tano kabla, Mama Kunigunda alianguka uani asubuhi akiwa ameshika beseni. Hakufika zahanati.

Jastini alishuka Lituhi na waombolezaji wa Mbinga. Gari lilikuwa limejaa walimu, wanakwaya, na binamu za Ottilia waliotoka Songea. Alimkuta Ottilia ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Alimpa mkono wa pole. Ottilia aliushika mkono ule akaubana, na kwa dakika moja Jastini aliamini kila kitu kitapona.

Saa nane mchana jeneza lilitolewa likawekwa uani. Padri alikuwa bado anavaa. Wanawake wa kioda, wote wamevaa nguo zao nyeupe za ngoma kwa heshima ya mwenzao, walisimama mistari miwili, na mbele yao Mama Mdogo Veneranda. Hakukuwa na haja ya kuulizana ni wimbo gani. Marehemu hakufa majini, lakini wimbo ulikuwa wake, na wao walikuwa wameamua kumsindikiza nao kwa mwanawe.

*Agu wee,* Veneranda alianza peke yake.



Sauti ilipanda. Wanawake wakaidaka, ikakaa juu, ikachungulia ziwa lililokuwa linang'aa nyuma ya migomba. Nyuma ya umati, waliposimama vijana waliokuja na magari, mtu mmoja alinong'ona. Labda hata hakujua kwamba amefungua mdomo. Alikuwa amelisema neno lile mara mia, kila mara kwa kufuata sauti hiyo hiyo, na mdomo ulienda wenyewe.

"Jaribu tena."

Hakukuwa na ubaya ndani yake. Kilichofuata ndicho kile kicheko kinachowashika watu kanisani, kicheko cha kubanwa, ambacho mtu akijaribu kukizuia kinamtoka puani. Mmoja alijifanya anakohoa. Mwingine akainamisha uso kwenye bega la mwenzake, mabega yakimtikisika. Msichana mmoja aliziba mdomo kwa mikono miwili huku machozi ya aibu yakimtoka. Sekunde tano, sita. Zilitosha.

Veneranda alinyamaza. Wimbo uliokuwa hauna mwisho ulisimama katikati, mdomo wake bado wazi. Mstari wa nyuma uliendelea maneno mawili, ukakwama. Hakuna aliyesogea. Ottilia aliinua uso wake kutoka kwenye mkeka na hakuwatazama waliocheka. Alimtazama Jastini.

Padri alitoka nje akakuta ukimya, akadhani wanamsubiri yeye. "Kwa jina la Baba, na la Mwana…" alianza.

*

Wimbo ulitoka kwenye gemu siku tatu baadaye. Jastini alimpigia Nathanieli kabla hata hajafika Mbinga, barabarani, na Nathanieli alipoanza kueleza kwamba ndio ulioifikisha gemu hapo ilipo, Jastini alimwambia, "Ndugu yangu, toa. Usiponitolea nitatoa kazi yangu yote." Mahali pake hawakuweka kitu. Mtumbwi unazama, skrini inakuwa nyeusi, kimya. Na yale maneno mawili ya chini, *Jaribu tena*, Nathanieli aliyafuta pia. Wachezaji walilalamika. Redio aliipigia akajitoa. Lakini vinywani mwa watu hakuna toleo jipya. Bodaboda waliendelea kuimba.

Ottilia hakupokea simu. Aliandika mara moja tu: *Nipe muda.* Jastini alimpa. Arobaini ilipita. Kisha mshenga akarudi kutoka Lituhi, akakaa sebuleni kwa mama yake Jastini, akanywa maji yote ndipo akasema.

"Ukoo umekubali. Mama Mdogo Veneranda mwenyewe amesema kijana hakukusudia, na marehemu alimpenda. Mahari wameitaja, haina ugumu. Ila binti ameomba jibu lake alitoe yeye, kwa mdomo wake. Jumatano atakuwa Mbamba Bay."

Mama yake alipiga kigelegele kimoja kifupi. Jastini alitoka nje akasimama kwenye mibuni.

*

Alimkuta nje ya ofisi za halmashauri, bahasha mkononi, gauni jeusi na kanga ya rangi ya udongo begani. Alikuwa amekonda. Walitembea hadi gatini, wakakaa kwenye kuta za mawe, boti za mizigo zikipakia magunia mbele yao.

"Nimepata uhamisho," Ottilia alisema. "Nitafundisha Lituhi. Mama Mdogo amebaki peke yake."

"Nitahamia Lituhi."

"Ti."

Alipolisikia jina hilo Jastini alijua, kabla hajaambiwa lolote, kwamba amempoteza. Aliliita kwa upole mno.

"Nitaacha gemu," alisema haraka. "Nitafundisha kwaya, nitageuza dagaa, chochote."

"Usiache. Ukiacha kwa ajili yangu, utakuwa unanitazama kila asubuhi kama ninavyokutazama sasa hivi." Alifuta kioo cha simu yake kwa ncha ya kanga, bila sababu. "Nimeicheza gemu yako. Simu ya binamu. Ni nzuri, Jastini. Pale mwanzo maji yakitulia, pale nimelia. Nilikuwa nakuonea huruma na nakuonea fahari, vyote pamoja."

"Basi nisamehe."

"Kama nisingekupenda ningekuwa nimeshakusamehe."

Boti moja ilipiga honi. Walisubiri imalize.

"Si kosa la kuuweka pale," Ottilia aliendelea. "Kosa hilo ningelibeba. Mtu anakosea. Lakini nilikuuliza mara mbili umeuweka wapi. Mara mbili, Ti, na mara zote mbili ukanipa kitu kitamu cha kunisahaulisha. Ulijua nitakataa. Sehemu fulani ya moyo wako ilijua, ikakuficha hata wewe mwenyewe. Na ya pili ulinipa posa. Sasa kila nikiifikiria ndoa naona umemfunika nayo mama yangu."

Jastini alitaka kusema si kweli. Aliyatafuta maneno hayo kifuani mwake kwa uaminifu wote aliokuwa nao, na hakuyapata.

"Wanawake wanauimba?" aliuliza mwishowe. "Ule wimbo?"

"Juzi kulikuwa na msiba wa maji huko Mbaha. Mama Mdogo alisimama, akawatazama vijana waliokuja, akakaa. Waliimba nyimbo za kitabu cha kanisa." Alikunja bahasha yake mara mbili. "Labda watu watasahau. Gemu nyingine itakuja, watapata kitu kingine cha kuimba. Kisha siku moja Mama Mdogo atauanzisha tena. Nataka niwepo siku hiyo. Na sitaki siku hiyo nigeuke nikuone wewe nyuma yangu, nianze kuwasikia wale wakicheka. Unanielewa?"

"Ninakuelewa."

"Usilie hapa, watu wanakujua. Ukilia na mimi nitalia."

Walilia wote wawili, kimya kimya, wakitazama boti kama watu wanaosubiri mzigo wao.

Kosta ya kupanda Mbinga ilikuwa imeanza kuita abiria. Ottilia alimwambia amsubiri, akaenda kwa wauza samaki, akabishana nao kidogo, akarudi na mbasa wanne waliofungwa kwenye majani ya mgomba, bado wabichi.

"Mpelekee mama. Wachemshe leo leo, wasilale."

"Nimwambie wametoka kwa nani?"

Ottilia aliinyoosha kola ya shati la Jastini, akaipapasa mara moja.

"Mwambie Ottilia anamsalimia," alisema, akageuka akaenda zake.

Jastini alifika nyumbani saa tisa, jua likiwa bado kali. Mama yake alikuwa uani akipepeta mahindi. Alipoona mzigo aliacha ungo, akafungua majani, uso wake ukang'aa.

"Angalia samaki hawa! Mkwe wangu anajua kuchagua. Hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimia."

"Kwa hiyo amesemaje? Anakuja lini?"

Jastini aliingia jikoni akachukua kisu na beseni la maji. Alivuta kigoda, akakaa, akamlaza mbasa wa kwanza kwenye kibao na kuanza kumpara magamba. Mama yake alisimama akisubiri. Alimpara wa kwanza, akampara wa pili, magamba yakimrukia mikononi na usoni. Mama yake alikaa chini taratibu kwenye mkeka, tabasamu likimwisha. Alimpara wa tatu. Alipommaliza wa nne, akamsuuza na kumlaza pamoja na wenzake, ndipo alipomjibu.